refcount_t inajua hesabu, haijui nani ameshika nini

Jana usiku tena. Umeme umerudi saa tatu na kitu hapa Goma, nawasha simu nakuta mudogo mmoja tunayefanya naye kazi ya draiva ameniandikia: "Yaya, ile UAF nimeimaliza, nimebadilisha atomic_t zote zimekuwa refcount_t." Na emoji ya kamoto pembeni. (Yaya ni mimi, mkubwa wake. UAF ni use-after-free, kutumia memori iliyokwisha kuachiliwa. atomic_t ni namba ya kawaida ya kuhesabia ndani ya kerneli, moyo wa Linux; refcount_t ni kaunta ya kuhesabu tu wangapi bado wameshika kitu. Kila kushika ni rejeo moja: get inaongeza moja, put inapunguza moja, ikifika 0 kitu kinaachiliwa.) Mwaka huu hii ni mara ya nne, watu wanne tofauti, maneno yale yale. Naandika hapa ili wa tano nimtumie linki tu nikalale.

Kwanza haki yake refcount_t, haraka haraka juu wengi mnaijua. Iliingia kwenye Linux 4.11 mwaka 2017, Peter Zijlstra akaandika msingi, Elena Reshetova na Kees Cook na wenzao wakafanya kazi ya kuchosha ya kuzunguka kerneli nzima wakibadilisha kaunta moja moja (wazo la kuzuia kaunta isizunguke, PaX, mradi wa patchi za usalama za Linux, walikuwa nalo zamani). Ugonjwa waliokuwa wanautibu ni wa kweli kabisa. Chukua tundu la usalama CVE-2016-0728: ukiomba kujiunga na keyring ya sesheni (mfuko wa funguo ambao kerneli inakuwekea) ambayo tayari unayo, kodi ya kerneli, yaani programu yenyewe, inachukua rejeo na kusahau kulirudisha. Unarudia kuomba, unarudia, mara bilioni nne na zaidi, kaunta ya biti 32 inazunguka inarudi 0, kerneli inaachilia kitu ambacho wewe bado umekishika. Waliogundua walisema ilichukua kama nusu saa kwenye laptopu ya kawaida. Na refcount_t hiyo haipiti: kaunta ikivuka mpaka inagandishwa kwenye 0xc0000000, katikati kabisa ya namba hasi, haipandi ikafika 0 wala haishuki ikafika 0. Kitu kinavuja milele, lakini hakiachiliwi mkononi mwa mtu. Tangu Linux 5.5 hiyo iko kwa kila mtu, hakuna tena kuchagua kwenye config.

Sawa. Hiyo ni dawa ya kaunta inayozidi. Sasa wewe bagi yako ni ya put iliyozidi, umemeza dawa ya tumbo na jino ndo linauma.

Kwenye parseli (kiwanja) tunapofanyia kazi kuna grupu moja ya umeme, yaani jenereta, na daftari imefungwa kwa kamba mlangoni pake. Ukichomeka mashini unachora kijiti, ukimaliza unafuta kijiti kimoja, anayefuta cha mwisho anazima grupu juu esanse (mafuta) iko bei. Siku moja tulikuwa watatu. Jamaa mmoja akafuta akatoka, akafika barabarani akakumbuka chaja, akarudi, akaichukua, akafuta tena kwa mazoea. Wa pili akamaliza, akafuta, akaona daftari tupu, akazima. Mimi niko ndani nakompaili kerneli, betri yangu ilikufa zamani.

Angalia zile namba: tatu, mbili, moja, sifuri. Hakuna hata hatua moja yenye kosa. Ungekuwa na daftari ya chuma, yenye polisi pembeni anayekataa kijiti cha chini ya sifuri, polisi angesimama pale pale anatazama na asiseme kitu. refcount_t ni huyo polisi. Yeye anaona namba, hajui kijiti ni cha nani.

Na kinachoniudhi zaidi ni kinachofuata. Mimi natoka gizani naenda kufuta kijiti changu, kijiti changu halali, sasa ndo kelele inaanza: "refcount_t: underflow; use-after-free." Na stack trace (orodha ya fungsheni zilizoitana mpaka pale) inaonyesha nani? Mimi! Aliyefuta mara mbili yuko kwake anakula sombe. Nimeona watu wanakaa siku mbili kwenye fungsheni iliyotajwa kwenye ile trace, wanaigeuza, mwishowe wanaiondolea put yake, warning inanyamaza, wanafunga kesi. Ile fungsheni ndo peke yake ilikuwa na haki. Alafu hiyo warning ni WARN_ONCE, ikishapiga kelele mara moja ya aina ile kwa kawaida inanyamaza mpaka uwashe mashini upya, kwa hiyo "nimejaribu tena na haijatokea" usiniletee kama hujariboot.

Tena unapata ile kelele kwa bahati tu, kwa sababu kaunta iko ndani ya kitu chenyewe. Kitu kikishaachiliwa, SLUB (kigawa memori cha kerneli) inaweza kumpa mwingine memori ile ile sasa hivi, na pale ulipotegemea kusoma 0 unasoma chochote alichoandika mwenyeji mpya. refcount_inc yako (ndo get) inaongeza moja juu ya data ya mtu na pengine hakuna anayekuonya. Hata ikikuta 0 na kuonya, inafanya nini? Inaandika 0xc0000000 pale pale, kwenye memori ambayo pengine si yako tena.

Hapo ndo inaingia ile bagi nyingine: unashika loki (kufuli), unatafuta kwenye list, unapata kitu, unaachilia loki, ALAFU unafanya get. Ukiambiwa, unabadilisha refcount_inc kuwa refcount_inc_not_zero (ongeza tu kama si 0) na kuona umepona. Hujapona. Ili uulize "bado uko hai?" lazima kitu kingine kiwe kinazuia memori isiondoke wakati unauliza: ama ile loki, na anayekitoa kwenye list naye aishike, ama rcu_read_lock na uachilie kwa kfree_rcu, inayosubiri waliokuwa wanasoma wamalize kwanza. Bila hiyo unagonga mlango wa nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Mambo ambayo na mimi sina raha nayo. Kugandisha na kuvujisha ni sawa kwa usalama, lakini kitu kilichovuja kinaweza kushikilia vingine kumi, na yeyote aliyesubiri "unregister_netdevice: waiting for lo to become free" (kerneli inangoja kifaa cha mtandao kiachiliwe) usiku kucha anajua rejeo moja lililopotea linaweza kukufunga mashini nzima. Pia kwenye mashini zenye panic_on_warn (warning yoyote inaangusha kerneli), bagi ndogo inageuka kuwa kuanguka kwa mfumo, na sijui kama nakubali hiyo biashara kwenye rauta iliyo juu ya mnara mahali ambapo hata umeme haifiki vizuri. Na nakiri, njia za makosa, zile goto za mwisho wa fungsheni, mara nyingi sijui rejeo ni la nani mpaka nisome git log ya miaka.

Kilichonisaidia kweli ni ref_tracker, Eric Dumazet aliileta kwenye 5.17. Pale kila get inapewa jina lake na stack yake, na put lazima iseme inarudisha get ipi. Daftari yenye majina, sio vijiti. Ni nzito, iwashe wakati wa kutafuta tu.

Mudogo nilimuuliza swali moja: ile put iliyo chini ya timer_delete (inayofuta taima) ni ya get gani? Akajibu "ya taima, Yaya". Vizuri, na timer_delete imerudisha ngapi? Ikirudisha 1, taima ilikuwa bado inasubiri, haitapiga tena, rejeo lake ni juu yako kulirudisha. Ikirudisha 0, kolbaki (fungsheni inayoitwa taima ikifika) imeshaanza au imeshamaliza, na put yake inaifanya yenyewe. Yeye anafanya put pande zote mbili, haangalii jibu. Alirudi kuchukua chaja akafuta tena.

Saa tano na nusu ametuma patchi mpya. Ni if moja.