Mada Inapovuma Mtandaoni, Hesabu Akaunti Kwanza

Wapo watu ambao siasa yao inaishi kwenye simu. Tanzania, wa upande wa watawala wanaitwa machawa. Wa upande wa pili ni wanaharakati. Misimamo yao haifanani, ila mwenendo ni mmoja: wanaamka na mada, wanalala nayo, na wanaandika kuliko sisi wengine wote. Kituo cha utafiti cha Pew kilionyesha mwaka 2019 kwamba asilimia 10 tu ya watu wazima wa Marekani waliokuwa Twitter (sasa X) ndio walioandika asilimia 80 ya twiti za kundi hilo zima. Kwa hiyo ukiona "kila mtu" amekasirika, huenda umesoma watu wachache waliokasirika mara nyingi.

Ndiyo maana tunasisitiza: hesabu akaunti, usihesabu jumbe. Mwaka 2021 watafiti wa Mozilla walichunguza kampeni za kulipwa nchini Kenya, nyingi zikihusu BBI, mchakato wa kubadilisha katiba ya nchi hiyo. Mojawapo, #AnarchistJudges, iliwaandama majaji baada ya Mahakama Kuu kuusimamisha mchakato huo Mei 13. Katika kampeni zote 11 walizozichunguza, twiti zilizidi 23,000, lakini akaunti zilikuwa kama 3,700 tu: wastani wa twiti sita kwa kila moja. Malipo yalikuwa kati ya dola 10 na 15 kwa kampeni tatu kwa siku, na maelekezo yalipitia makundi ya WhatsApp. Wanaolipia wanajua kwamba mtandao hupandisha mada kwa kasi yake zaidi ya jumla yake. Jumbe zilizorushwa kwa mkupuo zinaweza kuizidi mada inayozungumzwa taratibu kutwa nzima.

Kuchunguza kunachukua dakika kumi hivi. Gusa alama ya reli (hashtag) ya mada hiyo, kisha chagua jumbe mpya, maana zile maarufu zimeshachujwa. Soma kama 30. Ukikutana na sentensi isiyo ya kawaida, inakili, iweke ndani ya alama za kunukuu kwenye kisanduku cha kutafutia. Aliyepewa maneno ya kubandika huyabandika pamoja na kosa la herufi lililomo, na kosa lilelile kwenye akaunti kumi halitokei kwa bahati.

Baada ya hapo fungua wasifu na uguse tarehe ya kujiunga. Tangu Novemba 2025, X inaonyesha hapo nchi ya akaunti na mara ngapi jina la mtumiaji limebadilishwa. Jina lililobadilishwa mara nyingi lina uzito kuliko wingi wa wafuasi, kwa sababu wafuasi hao huenda walikusanywa kwa jambo jingine kabisa. Nchi usiitegemee sana: X ilipozuiwa Tanzania Mei 2025 wengi walihamia VPN, programu inayoficha mahali ulipo, na VPN inaweza kumwonyesha mtu wa Mbeya kana kwamba yuko Ulaya.

Kosa kubwa la wachunguzi wapya ni kumwita kila mwenye hamasa kuwa amelipwa. Akaunti mpya si ushahidi. Maneno yanayofanana nayo, yakiwa peke yake, si ushahidi, kwani hata wananchi wa kweli husambaziana ujumbe wa kumtumia mbunge. Angalia kama kuna ubishi wa ndani. Kwenye #RejectFinanceBill2024, ya Wakenya waliopinga muswada wa fedha, watu waliuliza vifungu, kodi ya mkate ya asilimia 16 na ya magari ya asilimia 2.5, wakasahihishana, wakautafsiri muswada kwa lugha za nyumbani. Juni 25 walijaa barabarani, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Kampeni ya kulipwa haina maswali ya namna hiyo. Anayeuliza ndani yake hajibiwi.

Ukishajiridhisha kwamba mada imepikwa, usiijibu kwa kuitaja. Kila ujumbe wenye alama ile ya reli, hata wa kuipinga, unahesabiwa kuipandisha. Piga picha ya skrini, ziba alama ya reli, kisha andika hoja yako kwa maneno yako mwenyewe.