Vali ya tetemeko haitambui gesi inayovuja

Wengi huamini kwamba bomba la gesi likishawekewa vali ya tetemeko, yaani kifaa kinachofunga gesi ardhi inapotetemeka, uvujaji wowote utajizuia wenyewe. Sivyo. Ndani ya vali nyingi za aina hii mna gololi ya chuma iliyokalishwa mahali pake. Jengo likitikisika vya kutosha, gololi huanguka na kuziba njia ya gesi. Mpira wa jiko ukipasuka usiku bila mtikisiko, gololi haisogei hata kidogo.

Hapo kinahitajika kitambuzi cha gesi kilichounganishwa na vali ya umeme, tena kiwekwe panapostahili, jambo ambalo watu hulipuuza mno: gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, gesi asilia hupanda darini. Na vali ikijifunga baada ya tetemeko, tafadhali usiifungue kabla fundi hajakagua mabomba.