Uzee huandaliwa lini? Maswali na majibu

Nina miaka 28. Mambo ya uzee yananihusu nini?

Yanakuhusu sana. Mifupa huweka akiba hadi mtu anapokaribia miaka 30, baada ya hapo anaishi kwa alichokiweka. Kwa wanawake akiba hiyo hupungua kwa kasi katika miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma. Inajengwa na kalsiamu, vitamini D na kazi inayoubebesha mwili uzito: kutembea, kuruka kamba, kupanda ngazi. Sigara na pombe nyingi huibomoa.

Mimi nimeshapita 50. Nimechelewa?

Kwa mifupa, kazi iliyobaki ni kuilinda. Kwa misuli hujachelewa hata kidogo. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya mazoezi ya kunyanyua uzito waliyowapa wazee dhaifu wa miaka 90 hivi, waliokuwa wakiishi katika makao ya wazee. Baada ya wiki 8, nguvu za mapaja yao zilikuwa zimeongezeka, kwa wastani, zaidi ya maradufu. Mwenye miaka 50 atajitetea vipi?

Kama ningeruhusiwa kushauri jambo moja tu, ningesema tunza miguu. Anayeinuka kitandani mwenyewe na kwenda msalani bila kushikwa mkono ana uzee tofauti kabisa na asiyeweza, hata kama wote wawili wana presha.

Nitajuaje kama miguu yangu bado ina nguvu?

Chukua kiti imara, kiegemeze ukutani. Keti, kunja mikono kifuani, kisha simama wima na kuketi tena mara 5 mfululizo, mtu akikuangalizia saa. Ukitumia zaidi ya sekunde 15, au ukashindwa kuinuka bila kujisukuma kwa mikono, ni dalili kwamba misuli imedhoofika; mweleze daktari. Mwenye kizunguzungu au maumivu ya kifua asijaribu.

Uzuri ni kwamba kipimo hichohicho ni zoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 au zaidi za mwendo wa wastani kama kutembea haraka. Kuanzia miaka 65 waongeze mazoezi ya kujiimarisha wasiyumbe, siku 3 au zaidi kwa wiki.

Mzee kuanguka si jambo la kawaida?

Hutokea sana, lakini mara nyingi kuna sababu, na nyingi zinatibika au kuondolewa: mtoto wa jicho, taa hafifu njia ya kwenda msalani, zulia lililokunjamana, ndala zilizolegea. Halafu dawa. Za usingizi na baadhi ya za presha huleta kizunguzungu mtu anaposimama ghafla. Asiziache kwa uamuzi wake. Azibebe zote kwenye mfuko, hata alizojinunulia mwenyewe, daktari azipitie.

Sijisikii vibaya. Nipimwe presha ya nini?

Kwa sababu presha mara nyingi haina dalili. Vipimo vinavyorudi 140/90 au zaidi kwa siku tofauti vinahitaji kushughulikiwa, maana presha ya umri wa kati huongeza hatari ya kiharusi na ya kupoteza kumbukumbu baadaye. Sukari nayo ipimwe.

Mama anajibu visivyo na amejitenga na mazungumzo. Ni akili inachoka?

Huenda, ila anzeni na masikio. Asiyesikia vizuri hukisia, akikosea anaona aibu, mwisho ananyamaza. Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba. Wakati mwingine anahitaji kifaa cha kusikia, na usikivu hafifu usioshughulikiwa nao unahusishwa na hatari kubwa zaidi ya kupoteza kumbukumbu. Mkisubiri apimwe, zimeni televisheni kabla ya kuzungumza naye, mkae mahali anapoiona midomo yenu, mseme taratibu bila kupiga kelele.