Mawaziri wasio wa Labor katika serikali ya Mike Rann

Vitabu vya sheria ya katiba hufundisha kwamba katika mfumo wa kibunge uliotoka Uingereza, waziri asiyeafiki uamuzi wa wenzake ama aunyamazie ama ajiuzulu. Ninapoifundisha kanuni hiyo ya wajibu wa pamoja, huwapeleka wanafunzi Adelaide, kwa aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo la Australia Kusini, Mike Rann wa chama cha Labor, aliyeilegeza kwa makubaliano na serikali yake isianguke.

Uchaguzi wa Februari 2002 uliipa Labor viti 23 kati ya 47, pungufu ya kimoja tu kufikia wingi. Peter Lewis, asiyekuwa wa Labor wala wa mpinzani wake mkuu, Liberal, aliiunga mkono akapata uspika. Serikali kuning'inia kwa mtu mmoja ni hatari; hivyo Desemba mwaka huohuo Rann alimwingiza barazani Rory McEwen, mbunge asiye na chama wa Mount Gambier, na mwaka 2004 akamteua Karlene Maywald wa chama cha National kuwa Waziri wa Mto Murray.

Uteuzi wa Maywald ndio wenye mafunzo zaidi, kwani wakati huohuo National ilikuwa ikitawala Australia pamoja na Liberal chini ya John Howard. Wapiga kura wake wa Chaffey, wakiwamo wakulima wa zabibu na machungwa wa Renmark, Berri na Loxton, waliishi kwa maji ya mto huo, na ukame ulikuwa umeshika. Makubaliano yalimruhusu kutoka kikaoni pale mjadala ulipogongana na msimamo wake, na kupiga kura bungeni kinyume cha serikali, mradi asiiangushe. Ndani ya Labor hilo halikuwa jambo dogo, maana kila kiti cha mgeni kilikuwa na mbunge wa chama aliyekitamani.

Mwaka 2006 Labor ilipata viti 28, na Rann angeweza kuwaaga wote wawili, akawabakisha. Wengine waliuona huo kuwa ukarimu. Mimi nauona ujanja: habari mbaya za maji ziliwafikia wakulima kupitia kwa mtu wao. Mwaka 2010 Maywald alishindwa na mgombea wa Liberal, naye McEwen hakugombea. Labor iliporudi kwenye viti 23 mwaka 2014, Jay Weatherill, mrithi wa Rann, alimpa uwaziri Geoff Brock, asiye na chama, kisha Martin Hamilton-Smith, aliyewahi kuwa kiongozi wa Liberal.