Kichocheo cha kaboni nacho huchoka

"Injinia, si tulifundishwa kidato cha tatu kwamba kichocheo hakiliwi na mmenyuko? Sasa bajeti ya kukibadilisha ya nini?" Mhasibu wa hospitali moja hapa Dar aliniuliza hivyo wiki iliyopita. Swali hili nimelisikia mno, na linaniudhi kwa sababu mwisho wake ni mtambo wa kusafisha majitaka unaotoa maji yenye mabaki ya dawa za hospitali huku mwenyewe akilala usingizi.

Kitabu hakikukosea, ila hakikuandikiwa majitaka. Kwenye mtambo tunatia pasalfeti, kemikali ya kuoksidisha. Kaboni amilifu, yaani mkaa maalumu wenye vitundu vingi, inaichochea izae radikali za salfeti, chembe kali zinazopora elektroni, nazo zinakatakata molekuli za dawa: salfamethoksazoli iliyomo kwenye Septrin, diklofenaki ya maumivu, kabamazepini ya wagonjwa wa kifafa ambayo bakteria wa kwenye mabwawa karibu hawaigusi. Radikali hizo hazichagui. Zinaishambulia na kaboni yenyewe, uso wake unaoksidika, na sehemu zilizokuwa zikipitisha elektroni zinapungua siku hadi siku. Mafuta, sabuni na vipande vya molekuli zilizokatwa vinamalizia kwa kuziba vitundu. Gramu moja ya kaboni amilifu nzuri ina uso wa mita za mraba 1,000 hivi. Vitundu vikiziba, hesabu hiyo inabaki kwenye karatasi ya muuzaji.

Dar tuna na chumvi. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina kloridi nyingi, na yote inaishia kwenye majitaka. Kloridi inazinyang'anya dawa zile radikali, na wakati mwingine inazaa kemikali mpya zenye klorini. Kwa hiyo mtu akikuonyesha majaribio yaliyofanywa kwa maji safi kama ya betri na dawa ya aina moja, mwombe ayarudie kwa majitaka yako.

Kaboni iliyochoka inaweza kuchomwa upya kwenye joto kali bila hewa, ikarudisha sehemu kubwa ya nguvu zake, ingawa si zote. Mimi nasisitiza mambo mawili: kaboni ikae mwisho, baada ya bakteria kumaliza kazi yao, na kila wiki pimeni maji yanayoingia na yanayotoka kwenye mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254, unaofyonzwa na molekuli nyingi za kikaboni. Spektrofotomita, yaani kipimo cha mwanga unaofyonzwa, inatosha mradi inafika kwenye urujuanimno. Tofauti ikianza kupungua, msingoje mwaka wa fedha uishe.

Kuna wanaouliza kama mkaa wa gunia hautoshi. Hautoshi. Haujaamilishwa kwa mvuke kwenye nyuzi 800 au 900, vitundu vyake ni haba, na majivu yake yanapandisha pH. Vifuu vya nazi ndivyo malighafi ya maana, nasi tunavyo.

Klorini? Inaua vijidudu. Dawa nyingi inazigeuza tu. Parasetamoli ikikutana nayo inaweza kuzaa kemikali zenye sumu kuliko yenyewe.

Na wapo wanaoniletea chupa ya maji meupe kama ushahidi. Dawa hizi tunazihesabu kwa nanogramu na mikrogramu kwa lita, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Maji ya mabwawa ya Vingunguti yanaingia Mto Msimbazi, na bondeni humo kuna watu wanamwagilia mchicha unaouzwa sokoni kesho yake asubuhi.