Je, wajua kwa nini nchi za mbali zilikubali kuwapokea wakimbizi wa mashua wa Vietnam, yaani waliotoroka nchi yao kwa njia ya bahari?

Novemba 1978, meli kuukuu ya mizigo iitwayo Hai Hong ilitia nanga karibu na Port Klang, Malaysia, ikiwa imesheheni Wavietnam wapatao 2,500. Wenyeji wakawakatalia kushuka. Kilichowakwamua ni ahadi za mbali: Kanada ikachukua 604, Ufaransa, Marekani na Ujerumani Magharibi nazo zikachukua wengine. Ernst Albrecht, kiongozi wa jimbo la Niedersachsen huko Ujerumani Magharibi, aliguswa na picha za televisheni, akatangaza kuwa jimbo lake litapokea wakimbizi 1,000.

Lakini huruma ya televisheni haidumu. Kufikia katikati ya 1979 kisiwa kidogo cha Pulau Bidong nchini Malaysia, unachoweza kukizunguka kwa miguu, kilikuwa na watu kama 40,000. Juni mwaka huo nchi za ASEAN, umoja wa mataifa ya Kusini-mashariki mwa Asia, zikasema zimefika mwisho: hazipokei tena. Mashua zikawa zinasukumwa kurudi baharini.

Hapo ndipo ushawishi ulipogeuka kuwa biashara ya wazi, na sisemi hivyo kwa dharau. Malaysia na Thailand zilitaka uhakika wa jambo moja tu: hawa watu hawatabaki kwetu. Kila nafasi ya kumpokea mkimbizi iliyoombwa Ottawa au Paris ilikuwa bei ya kufungua ufuo mmoja Asia.

Ufaransa, walioomba hawakuwa wanadiplomasia peke yao. Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa wa mrengo wa kushoto, mzee karibu kipofu, na Raymond Aron, mwandishi wa mrengo wa kulia, mahasimu wa kisiasa kwa miongo mitatu, waliongozana Juni 26 hadi ikulu ya Élysée kumwomba Rais Giscard d'Estaing aongeze nafasi. Rais angeweza kumpuuza mmoja wao akisema ni siasa za kambi yake. Wawili kwa pamoja ilikuwa vigumu. Kanada iliingiza mtego mwingine mzuri: serikali iliahidi kumleta mkimbizi mmoja kwa kila mmoja aliyedhaminiwa na raia, basi makanisa na majirani wakawa wanachanga wenyewe.

Julai 20 na 21, mkutano wa Umoja wa Mataifa uliketi Geneva, nchi 65. Makamu wa Rais wa Marekani, Walter Mondale, akawakumbusha wajumbe mkutano wa Évian, Ufaransa, wa 1938, ambako Wayahudi waliokimbia Ujerumani ya Hitler walinyimwa mlango. Nafasi zilizoahidiwa zikapanda kutoka 125,000 hadi 260,000.

Manahodha nao walihitaji ahadi. Ukiokoa watu halafu kila bandari inakufukuza, safari ijayo utaangalia pembeni. Kwa hiyo baadhi ya nchi zikajifunga kuwachukua waliookolewa na meli za mataifa yasiyoweza kuwapokea.

Sehemu ya mapatano isiyotajwa sana ni hii: Vietnam nayo iliahidi kwamba kwa muda itawazuia watu wasitoroke. Mashua zikapungua mara moja. Waliokamatwa ufukweni kabla ya kupanda mashua hawamo katika hesabu ya zile nafasi 260,000.