Risasi nzito ya mshipi haimleti samaki: dhana potofu za kurambaza kwa kayaki Mtera

Ukiingia Bwawa la Mtera na kayaki kutokea upande wa Dodoma, kinachokupokea ni miti mikavu iliyosimama majini. Bwawa lilijengwa kati ya 1975 na 1980 kwenye Mto Ruaha Mkuu, na mashina yaliyozama bado yapo, mengine yakichungulia, mengine yakiwa shubiri moja chini ya maji. Hapo ndipo tunaporambaza, yaani kukokota mshipi nyuma ya chombo huku tukipiga kafi. Na hapo ndipo vijana wengi wanaoanza wanapomaliza kwa siku moja mfuko mzima wa risasi, vile vipande vizito vya kuzamisha mshipi. Wengine huita chubwi, kama watu wa pwani, ila Dodoma dukani ukisema risasi ya mshipi unaeleweka.

Dhana: Chambo kikikaa juu, ongeza risasi.

Hii ndiyo inayozaa nyingine zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Mshipi unaokokotwa una mvutano wa pande mbili. Uzito unavuta chini, maji yanasukuma nyuma. Msukumo wa maji haupandi sawasawa na mwendo: ukienda kasi mara mbili, unakuwa karibu mara nne. Maana yake, risasi ya gramu 30 iliyokuwa inatosha ukienda kilomita 3 kwa saa, ukifika kilomita 6 itabidi iwe karibu gramu 120 ili mshipi ubaki na mlalo uleule. Mvuvi akiona chambo kinapanda juu, anafunga risasi kubwa. Mara nyingi dawa ilikuwa kupunguza makafi.

Kupima mwendo hakuhitaji kifaa. Kayaki yangu ina urefu wa mita 3.6. Natupa kipande cha jani kavu kando ya omo, yaani ncha ya mbele, kisha nahesabu sekunde hadi kifike tezi, yaani nyuma. Kikipita kwa sekunde 4, nakwenda kama kilomita 3.2 kwa saa, na huo ndio mwendo ninaoutaka kwa kambale. Sekunde 3 ni kilomita 4.3. Kikipita kwa 2, nimeshaanza mashindano ya ngalawa na chambo kiko juu kabisa.

Kitu cha pili ni unene wa mshipi wenyewe. Nailoni nene inakamatwa na maji urefu wake wote, na unapokuwa umeachia mita 30 nyuma yako, hicho si kitu kidogo. Uzi wa kusukwa wenye unene wa milimita 0.2 unakamatwa karibu nusu ya nailoni ya milimita 0.4. Ukibadilisha uzi tu, risasi ileile inashuka zaidi.

Halafu kuna bwawa lenyewe. Mtera ni pana lakini si la kina kirefu, na maji yake yanapanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Kiwango cha juu cha uendeshaji ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, cha chini ni 690. Hiyo ni tofauti ya mita 8 na nusu. Mahali ulipokokota chambo kwa raha mwezi Mei, baada ya mvua, Novemba panaweza kuwa matope yenye nyayo za ng'ombe. Kwa hiyo kabla ya kuchagua risasi, shusha kamba yenye mafundo kila nusu mita, ujue uko juu ya maji ya kina gani. Mimi kwa mita 3 hadi 5 za maji situmii zaidi ya gramu 20 au 30, na siku nyingine sifungi kitu.

Dhana: Jiwe au nati ya gari ni sawa na risasi, uzito ni uzito.

Nchi kavu, ndiyo. Majini, jiwe la gramu 100 linabaki na uzito wa takriban gramu 63, nati ya chuma gramu 87, risasi gramu 91. Na jiwe ni kubwa zaidi kwa umbo, kwa hiyo maji yanalisukuma zaidi. Nati siikatai. Ni rahisi, haina sumu, na ikinasa kwenye kisiki huumii mfuko.

Ninachokikataa kwa nguvu zote ni kuyeyusha betri kuukuu za gari kwenye sufuria ili kupata risasi. Nimeona kikifanyika uani, watoto wamechuchumaa pembeni wakisubiri kuona ule umajimaji wa rangi ya fedha. Moshi na vumbi la risasi vinaingia mwilini na kuharibu ubongo wa mtoto, na dalili hazionekani siku hiyo. Uingereza walipiga marufuku uuzaji wa risasi ndogo za mshipi, hadi zile za gramu 28.35, tangu 1987, kwa sababu ya mabata-maji waliokufa kwa kuzimeza. Sisi tunazungumzia watoto wetu. Chukua nati.

Dhana: Risasi ikae karibu na ndoano ili chambo kisiyumbe.

Chambo bandia kinauzwa kwa sababu kinayumba. Ukibana risasi puani mwake, umekiua. Acha kipande cha mita moja hadi moja na nusu kati ya risasi na chambo. Mimi nakiita mkia. Mwanzo wa mkia funga kile kichuma chenye pete mbili kinachozunguka, la sivyo uzi utajisokota hadi uwe kama nywele za kusuka.

Mkia mrefu nao una adhabu yake, hasa kwenye kayaki. Mwaka jana nilifunga wa mita 3 kwenye fimbo ya mita 2. Kambale alishika, nikamvuta vizuri, kisha risasi ikagota kwenye pete ya mwisho ya fimbo na haikuweza kupita. Nilikuwa nimekaa, nikainua fimbo hadi nyuma ya kichwa, na samaki bado alikuwa anajipindua mbali na mkono wangu, sharubu zake naziona. Mzee aliyekuwa kwenye mtumbwi jirani akaniambia, "Mwanangu, mkia usizidi fimbo." Wakati nageuka kumsikiliza, kambale akaondoka.

Dhana: Samaki wote wa bwawa wanashika chambo cha kukokotwa.

Perege hula zaidi mwani na takataka za mimea. Ukimwinda kwa kurambaza utachoka bure. Kambale anafukuza, lakini polepole na karibu na chini. Samaki yule wa Ruaha mwenye meno ya nje, wa jamii ambayo wataalamu huiita Hydrocynus, anataka chambo cha juu chenye mwendo, na waya mfupi mbele ya ndoano kwa sababu nailoni anaikata.

Dhana: Ukinasa kwenye kisiki, vuta kwa nguvu, na mshipi ufunge kiunoni usipotee.

Kuhusu kunasa, dawa inaanza nchi kavu. Risasi usiipitishe kwenye mshipi mkuu. Ining'inize pembeni kwa uzi dhaifu wa nusu mita, unaokatika kwa kilo 3 kama mshipi wako unakatika kwa kilo 8. Ikikamatwa na tawi, uzi mdogo unakatika, unapoteza nati moja, chambo kinarudi. Na ukitaka kusimama kupumzika, tumia chambo kinachoelea: risasi italala chini, chenyewe kitabaki juu ya matawi.

Kuhusu kiuno, hapana. Wala mguu, wala kiti. Upepo wa alasiri ukianza huku ndoano imeshika kisiki, mshipi unaivuta kayaki kwa ubavu na inapinduka, nawe umefungwa kwenye kisiki hicho, kwenye maji yenye mamba na viboko. Kisu kidogo nakining'iniza kwenye jaketi la kuokolea, begani, upande ambao mkono wa kulia unafika bila kutazama, na kila asubuhi nakijaribu kwenye kipande cha nailoni kabla kayaki haijagusa maji.